Fundi wa Ambao Hawajafika

Watu wa soko la Kamembe wakitaka kukuonyesha alipo Fundi hawataji mtaa wala rangi ya nyumba. Wanasema nenda kwa yule mama wa kiherehere. Wanalisema wakicheka, nusu wanamsengenya na nusu wanamtegemea, maana hao hao ndio wanaomkimbilia harusi inapokaribia na fundi wao wa kawaida amezima simu. Zamani nilikuwa nikimtetea kwa kukana. Sasa nimechoka. Ana kiherehere, ndiyo, tena kingi. Nataka tu kueleza ni kiherehere cha namna gani, halafu anayetaka kucheka acheke.

Asili yake siijui vizuri na sitajifanya kuijua. Alirudi huku kutoka ng'ambo ya daraja, upande wa Kongo, kama wengi wetu, na Kiswahili chake cha Bukavu alikuja nacho mzima mzima. Nilipofungua duka langu la vitenge, alifika na cherehani yake kabla sijamaliza kupanga rafu. Sikumwalika. Aliniambia duka la vitenge lisilo na fundi mlangoni ni chungu kisicho na mafiga, kisha akaniomba kiti cha kuwekea pasi ya makaa. Akaketi barazani pangu, na pale ndipo nilipomjulia.

Kila mtu anaijua kesho ya fundi. Unapeleka kitambaa, unaambiwa kesho, unakwenda kesho, unaambiwa uzi umekwisha, kesho kutwa unakikuta kitambaa chako kimefunika meza. Huyu kwake ni kinyume. Ukimwambia Jumamosi, Jumatano nguo iko tayari na yeye anakulaumu kwamba hujaja kuichukua. Futi huwa shingoni lakini ni pambo tu. Anakupima kwa macho ukiwa bado unashuka kwenye pikipiki, na ukianza kumweleza unataka mkono wa namna gani, anakumalizia sentensi. Mara nyingi anaimalizia vibaya. Hapo mnabishana, naye hakubali kwamba amekosea, anasema wewe ndiye uliyebadilisha mawazo njiani.

Wanaomtupia methali ya haraka haraka haina baraka wanapata jibu lake palepale: na kuchelewa nako kuna baraka gani? Yeye anaipenda ile nyingine, ngoja ngoja huumiza matumbo. Anaisema asubuhi akitia makaa kwenye pasi, anaisema mchana akikata uzi kwa meno, na mteja akichelewa kuja kujaribu nguo anamsomea kama hukumu.

Kiherehere chake kimewahi kumwaibisha, sitaficha. Mama anayeuza uji na mandazi kando yetu alikuwa na binti aliyemaliza darasa la sita, wakingoja matokeo ya mtihani. Fundi hakungoja. Alimshonea mtoto sketi ya buluu yenye marinda, ya shule moja ya sekondari huku Gihundwe, kwa sababu alikuwa ameamua kwamba mtoto atafaulu na atapangwa pale. Mtoto alifaulu kweli. Akapangwa shule nyingine, mbali, ambako wanavaa kaki. Soko zima lilicheka mpaka wauza samaki wakaja kuuliza kuna nini. Fundi hakucheka wala hakuomba radhi. Alisema ile ilikuwa sketi ya kungojea, na imefanya kazi yake. Binti aliivaa likizo zote, akienda nayo kuchota maji, na sijaona mtoto aliyetembea na ndoo kwa maringo kama yale.

Kuna siku lakini kiherehere hicho kilijeruhi. Kijana mmoja wa Giheke alikuja dukani kwangu kuchagua kitenge kizuri cha zawadi. Fundi, aliyejua kijana huyo ana mchumba, alimwona mchumba Jumapili mlangoni mwa kanisa akampongeza mbele ya watu, akamsifia hata rangi ya kitambaa. Kitenge kilikuwa cha msichana mwingine. Uchumba ulivunjika hapo hapo kanisani, na familia ya binti mpaka leo haipiti upande wetu wa soko. Nilimwambia Fundi safari hii umeharibu. Alitunga uzi kwenye sindano, akasema afadhali binti alijua akiwa bado kwao. Sikukubaliana naye, na bado sikubaliani naye. Kusema hivyo hakunizuii kumpenda.

Kinachowashinda watu kumwelewa ni kwamba mwanamke huyu ni mwoga. Wanadhani anayetangulia kila mahali hana hofu. Fundi anaogopa simu inayolia alfajiri, anaogopa mbwa, anaogopa ngurumo, na kuliko vyote anaogopa ziwa. Wanakwaya wa kisiwani Nkombo walimpa kazi ya kushona sare zao, naye akakataa kuzituma kwa mtu. Alitaka awaone wakizivaa. Nilimsindikiza. Pale ufukoni alikuwa ameukamata mkono wangu kwa nguvu, anasali kwa Kiswahili na Kinyarwanda na Kifaransa kidogo, meno yanagongana. Boti ilipofika, wengine wakiwa bado wanakunja suruali, yeye alikuwa ameshaingia na kifurushi chake kichwani, wa kwanza kabisa, anatuita tunachelewesha safari. Njia nzima alitetemeka. Tulipokaribia kisiwa alisimama ili awaone waimbaji mapema, nahodha akamkemea akae.

Hapo ndipo nilipoanza kulifikiria neno lile. Kiswahili chetu kinamwita mwenye kiherehere yule ambaye moyo unamdunda kwa wasiwasi, mikono haitulii, usingizi hauji. Na kinamwita hivyo hivyo yule anayetangulia kabla hajaitwa, anayeshindwa kungoja kwa hamu. Kwa watu wengi hizo ni hali mbili na wanachukua ile inayofaa kukutukania. Kwa Fundi sijawahi kuziona zikitengana.

Mchungaji mmoja, mteja wake wa kola za mashati, aliwahi kumshauri kwa upole kwamba wasiwasi wake ni upungufu wa imani, atulie, ya kesho ayaachie mwenyewe Mungu. Fundi alikuwa akimfungia shati kwenye gazeti. Alimjibu bila kuinua macho.

"Niko naogopa, Pastor, ni kweli. Lakini niko natamani pia, na roho ni moja tu, sina mbili. Muntu mwenye hangojee muntu, ule njo analala muzuri."

Mchungaji alichukua shati lake akaenda. Jumapili ile alihubiri habari nyingine.

Kisha kulikuwa na ile miezi ambayo mpaka ulifungwa. Wateja wetu wa Bukavu walikuwa wameacha nguo kwake, za harusi, za ubatizo, na hakuna aliyejua lini daraja litafunguliwa. Wafanyabiashara wote tulipunguza, wengine wakafunga milango. Fundi kila asubuhi alizitoa zile nguo ndani, akazipiga pasi upya, akazitundika kwenye kamba barazani, moja moja, kana kwamba wenyewe wanatoka nyumbani muda huo. Vumbi likiingia anazikung'uta. Watu walimwambia anachoma makaa bure. Mimi mwenyewe nilimwambia. Alinijibu kwamba hawezi kumkabidhi mtu nguo yenye mikunjo akifika ghafla. Siku walipofungua alikuwa mpakani mapema na nguo zote mkononi, anawaita wateja wake kwa majina hata kabla hawajavuka. Gauni moja halikupata mwenyewe. Tulisikia baadaye kwamba amefariki. Fundi alimvalisha gauni hilo mwanamke wa kwanza mwenye kiwiliwili kile aliyepita sokoni, bila malipo, akasema gauni halina hatia.

Sasa nifike kwenye langu, maana bila hilo picha yake haijakamilika.

Kwa akina mume wangu, na hata kwetu, mtoto hatayarishiwi kitu kabla hajalia. Hununui kofia, hushoni kanzu, humtafutii jina kwa sauti. Hospitali wanataka uje na vitambaa, kwa hiyo familia zinajificha: vitu vinanunuliwa mwishoni kabisa, na mtu mwingine, vinawekwa nyumba nyingine, na mama mwenyewe anajifanya haoni. Ukimtayarishia mtoto unakuwa umekiambia kifo kwamba kuna kitu kizuri kinakuja. Ndivyo wanavyosema, na wanaosema si wajinga. Ni watu waliozika.

Mimba yangu ya kwanza Fundi aliijua kabla ya mume wangu. Alisema ninavyonyanyua majora ya vitenge siku hizi kuna mtu ninamkinga. Akakata kitambaa cha kanzu ndogo siku hiyo hiyo. Mimba ikatoka ikiwa changa, naye akakikunja kile kitambaa, akaja kukaa nami, akanipikia uji ambao uliungua.

Mimba ya pili alishona mpaka akamaliza. Kanzu nyeupe ya pamba laini na kofia yake, vishikizo vidogo kama punje za mtama. Aliniwekea mkononi mchana kweupe, barazani, watu wakiona. Niliitia kwenye mkoba niliokuwa nikitembea nao na sikumwambia mtu nyumbani. Mtoto alizaliwa mimba ikiwa ya miezi minane, amekwisha kufa. Wa kiume. Muuguzi aliuliza nguo ya kumfunga iko wapi. Mama yangu alitazama chini, mume wangu alitazama mlango, kwa sababu kila mtu alikuwa amefuata desturi na hakuna aliyekuja na kitu. Nikamwambia afungue mkoba wangu. Mwanangu alizikwa amevaa. Katika siku ile yote, hilo ndilo jambo pekee lililokwenda inavyostahili.

Shangazi wa mume wangu, tantine kama tunavyomwita, aliyemlea tangu utotoni, hakuliona hivyo. Alikuja kutoka Giheke mimi nikiwa bado kitandani, akaenda moja kwa moja sokoni. Nilihadithiwa na yule mama wa uji. Alimkabili Fundi mbele ya watu wote akasema kwamba kiherehere chake kimeua, kwamba ameshona sanda akaiita kanzu, na kwamba mwanamke asiyejua kungoja hastahili kukaa mlangoni kwa mwenye mimba. Fundi alisimama. Alikuwa analia, yule mama aliniambia, machozi yanaangukia kwenye cherehani, lakini sauti haikukatika.

"Ule mutoto alikuwako, tantine. Nilimushonea sababu alikuwako. Sasa mulitaka nimushonee wakati gani?"

Kitandani kwangu wote waliokuja kunifariji walikuwa wananiambia nitapata mwingine. Kwamba nisimfikirie, kwamba hakuwahi kuwa mtu. Walisema kwa upendo na kila mmoja aliniua kidogo. Niliposikia aliyoyasema Fundi nililia kwa sauti, nikamshukuru Mungu kwamba kuna mtu mmoja Kamembe nzima aliyemwona mwanangu.

Mume wangu si mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na yule shangazi ndiye mama aliyebaki naye. Alimwomba Fundi kwa adabu ahamishe cherehani yake. Niliporudi dukani nilikuta alama za mafuta kwenye saruji pale iliposimama miaka yote. Nilikasirika vibaya sana. Majuma kadhaa tulilala mimi na mume wangu kama wageni waliokutana kwenye nyumba ya kulala, na sijuti.

Fundi alipata baraza nyingine Gihundwe, kwenye barabara ya hospitali, akashona sare za shule na kupunguza suruali. Nilikwenda kumwona mara kwa mara. Hakuwa na kinyongo, alinidakia maneno kama kawaida na kunisema kwamba nimekonda. Lakini niligundua kitu. Kina mama waliokuwa wakitoka kliniki na matumbo yao wakimwuliza nguo za mtoto, alikuwa akiwaelekeza kwa fundi mwingine, ng'ambo ya barabara. Alisema hana uzi laini. Uzi laini ulikuwa pale pale kwenye kopo, ninauona.

Mwaka huu nimebeba tena. Ninaandika haya bado sijajifungua, na sijui itakuwaje, sitamdanganya msomaji. Shangazi alihamia kwetu mimba ilipofika miezi mitano ili anilinde. Ananipikia, ananikanda miguu, usiku anasali nje ya mlango wangu. Ananipenda, lazima niseme hivyo. Ila tumbo langu halitajwi katika nyumba ile. Wageni wakija wananiuliza habari za duka. Mtoto akinipiga teke nikashtuka, wote wanatazama kwingine, na mimi nikajikuta ninajifunza kutazama kwingine pia. Siku nilipogundua kwamba nimepitisha juma zima bila kumsemesha mwanangu, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mimba isitoke. Nilikuwa ninamzika akiwa anacheza.

Asubuhi iliyofuata nikateremsha jora la pamba kwenye rafu, la manjano, rangi isiyofichika. Mume wangu alikuwa dukani. Aliniona ninatafuta mkasi akaelewa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba tantine atasema. Nikamwambia aseme. Akaja akashika upande wa pili wa kitambaa kisiburute chini, nikakata.

Nilikwenda Gihundwe kwa miguu. Fundi alinitazama uso, akatazama tumbo, akatazama kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniacha nimalize kusema. Nilipomaliza aliificha mikono chini ya meza.

"Tungoje kwanza, maman," aliniambia. "Tungoje tusikie analia."

Sikuamini masikio yangu. Nilikuwa nimekuja kuazima ujasiri kwa mtu ninayemjua kuwa nao, nikakuta ameporwa. Shangazi hakumwondolea wasiwasi siku ile sokoni, wasiwasi ulikuwa wote pale usoni. Alichomwondolea ni ile hamu, na mwenye wasiwasi bila hamu ni mtu aliyekaa tu akisubiri kupigwa. Nilimwonea huruma, kisha nikapandwa na hasira kwa ajili yake, na hasira ndiyo iliyonisaidia. Nilimwambia sikuja kuombea mtoto ahadi ya kuishi, hiyo hana yeye wala mimi. Nimekuja kwa sababu yupo, na hana nguo. Nikautoa mkono wake chini ya meza nikauweka tumboni kwangu. Mtoto hakucheza. Tulikaa hivyo, kina mama wa kliniki wakipita, pikipiki zikipita, mkono wake wa baridi juu ya gauni langu. Mtoto hakucheza kabisa, mkaidi kama baba yake.

Fundi akavuta makamasi.

"Na kola ama bila kola?" akauliza.

Alishona pale pale nikiwa nimekaa. Akafumua pindo mara mbili, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyokanyaga mashini kwa kasi, mpaka mwenye baraza akatoka kutazama. Akaniuliza maswali na kunijibia. Akasema mtoto atakuwa na mabega mapana, akaongeza upana bila kuniuliza. Nilimwacha aongeze. Alipomaliza nilifungua mkoba ili niitie kanzu ndani, naye akakataa katakata. Alisema amepiga pasi, itakunjamana. Akaikamata kwenye mabega mawili madogo ya kanzu, imefunguka mbele yake, akatangulia barabarani kuelekea kwetu, wala sikuwa nimemwambia kwamba aje.

Alitembea mbele yangu njia nzima, anawasalimu watu kabla hawajamsalimu, na kila aliyetuona aliona kanzu ya manjano na nyuma yake tumbo langu. Wengine walishika midomo. Tulipofika, Shangazi alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Alisimama na ungo mkononi, akauliza nguo ile ni ya nani. Fundi alikuwa anatetemeka hata kanzu ilikuwa inacheza, lakini hakurudi nyuma hatua moja.

"Ni ya mutoto wangu," nilimjibu.

"Mutoto gani?"

"Huyu," nikasema, nikaipokea kanzu kwa Fundi, nikaipima juu ya tumbo langu, mbele ya mlango wazi.